Utanirudishia Lini?

"Sasa mwanangu, utanirudishia lini?"

Bibi Somoe alipouliza hivyo juma lililopita, tuliishiwa nafasi ya gazeti kabla Klara hajafumbua mdomo. Bado yupo pale pale, mlangoni pa chumba chake Mtaa wa Narung'ombe, mkono mmoja kashika kitasa, mwingine kashika chungwa alilokuwa anammenyea Zamzam. Mbele yake amesimama bibi mzaa mama wa watoto, katoka Nachingwea juu ya lori la korosho, vumbi mpaka kwenye kope, kapu la mihogo mikavu kichwani.

"Nirudishe kitu gani, Bibi?" Klara aliuliza. "Ninaomba unifafanulie."

"Watoto, mwanangu! Au unadhani nimekuja kudai kapu?"

Bibi akacheka. Klara hakucheka. Chungwa lilimtoka mkononi likabiringika mpaka uani.

Kwa aliyetukuta njiani: Klara ni Mmarekani mweusi, muuguzi wa Detroit, ambaye yeye na mumewe Wilbert hawakujaliwa mtoto. Alikuja Dar kuwachukua Kitwana na mdogo wake Zamzam, yatima wa makao ya watoto, wawe wanawe. Wakubwa wakamwambia hapana haraka, kaa nao kwanza tuone. Akapanga chumba Kariakoo. Akapanga foleni ya sukari, akala unga wa njano ambao watu waliuita Yanga, akaripotiwa kwa balozi wa nyumba kumi kama mgeni yeyote. Asubuhi huwafuata watoto makaoni, jioni huwarudisha. Mtaani walimwita Mzungu Mweusi, na kila akiitwa hivyo roho ilimuuma, maana alidhani hatimaye amefika kwao.

Kesho ilikuwa siku ya mahakama. Baada ya hapo, ndege.

"Sikuharakishi," Bibi Somoe aliendelea, akitua kapu lake. "Lea kwa raha zako. Ila Kitwana anakua. Mavuno yajayo kijiji kinaingiza vijana jandoni, na mtoto wa kiume hakosi jando la kwao. Kuku nimeshaanza kufuga. Na huyu Zamzam, siku akivunja ungo, utamleta tumcheze unyagoni. Hapo katikati kaa nao, walishe, wasomeshe. Mlezi ana haki yake."

Kitwana akatokeza. Alimtazama bibi yake, akamwamkia kwa Kiingereza alichofundishwa na Klara, kisha akajificha nyuma ya gauni la Klara.

Kicheko cha Bibi kilikatika.

"Haya. Na shikamoo yangu imekwenda wapi, mume wangu?"

"Shikamoo, Bibi," sauti ndogo ilitoka nyuma ya gauni.

"Marahaba, mume wangu. Kumbe bado unayo."

Akawapapasa vichwa wote wawili, akaaga. Alisema anakwenda kulala kwa watu wake, na kesho watakutana huko mahakamani kama yule ndugu wa ofisini alivyomwagiza. Hakuna alichoshuku. Alitoka anaimba.

"Nimesikia yote," ilisema sauti kutoka uani.

Alikuwa Agnesi, mama mwenye nyumba, Mchaga wa Kibosho, mke wa mwenye duka la jumla. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anapepeta mchele, na kwa muda wote huo hakupepeta hata punje moja.

"Hebu niambie, dada. Ulipomwomba yule bibi watoto, ulimwambiaje?"

"Nilimwambia kwa Kiswahili," Klara alijibu, na hata katika fadhaa ile fahari kidogo ilimponyoka. Siku ile makaoni alimkatalia mkalimani. Angehitaji mkalimani wa nini, naye amesoma lugha ya mababu darasani kila jioni baada ya kazi? "Nilisema: Bibi, ninaomba nikulelee wajukuu wako."

Ungo ulimponyoka Agnesi. Mchele chini.

"Ukasema kulea?"

"Ndilo neno. Mwalimu wetu alituambia..."

"Mwalimu wenu kazaliwa wapi?"

"Chikago."

"Yesu na Maria!" Agnesi alijishika kiuno. "Sikiliza. Mimi nimelelewa na shangazi yangu Moshi mjini. Nimekula kwake, nimevaa kwake, fimbo zake nazijua. Lakini siku ya kuolewa, pombe ya mahari ilinywewa kwa baba yangu. Kulea si kuchukua! Mtu akikulelea mwana, mwana ni wako, yeye anakusaidia tu. Yule bibi hakukupa wajukuu, dada. Amekuazima!"

Klara alikaa chini, juu ya mchele.

"Lakini alikubali. Alisema, lea mwanangu."

"Angekataaje? Nani anakataa kulelewa mjukuu?"

"Basi niambie neno lenyewe. Neno la kuchukua moja kwa moja, mtoto akawa wangu, jina langu, milele."

Agnesi alifikiri.

"Sina," alisema mwishowe. "La kuiba ninalo. Hilo lako sina."

Klara aliwaacha watoto kwa Agnesi, akakatiza Mnazi Mmoja nusu anakimbia, jua la Dar likimchoma utosi, mpaka ofisini kwa Melkiori. Huyu ndiye afisa aliyesimamia shauri lake tangu mwanzo, mtu wa Kilimanjaro, suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi, macho mekundu kwa kazi nyingi.

"Neno la serikali ni kupanga," Melkiori alisema. "Mtoto wa kupanga. Kesho jaji atalitumia hilo hilo."

"Bibi atalielewa?"

"Ataelewa kinachomtosha."

"Ndugu Melkiori, bibi anafuga kuku wa jando!"

Afisa aliinuka, akafunga mlango.

"Dada Klara, kaa. Kesho jaji atauliza, bibi ataitika, nawe utakwenda zako na wanao. Ukianza kufafanua, unawakosa. Wakishakukosa wewe, wanabaki makaoni, wanalala wawili wawili kitanda kimoja, maziwa leo yapo kesho hayapo. Au warudi kijijini kwa bibi ambaye macho yenyewe yanamwacha. Mimi nawatakia mema watoto hawa. Wewe je?"

"Nawatakia mema."

"Basi nyamaza."

Msomaji, usimwite Melkiori shetani. Alikuwa mtu mwema aliyechoka, na alichosema kilikuwa na chembe ya ukweli, ndiyo maana kilimwingia Klara mpaka mfupani. Alirudi Narung'ombe hatua moja moja. Kunyamaza tu. Hakuombwa kusema uongo hata neno moja.

Jioni aliwarudisha watoto makaoni kama kawaida. Kwenye lango Zamzam alikamata kidole chake, hakukiachia. Mtoto huyu, tangu tuanze kusimulia hadithi hii, hajawahi kumwita Klara kwa jina lolote. Humvuta gauni tu akitaka kitu.

"Kesho uje, mama," alisema.

Mama! Klara aligeuka haraka ili mtoto asimwone anavyolia. Alikwenda njia nzima ya kurudi Kariakoo akilia hadharani, na wachuuzi wa Mtaa wa Kongo wakampisha wakidhani amefiwa. Alipofika nyumbani alikuwa ameshaamua. Atanyamaza. Mungu amsamehe, lakini atanyamaza.

Asubuhi, chumba cha jaji. Meza ndefu, feni ya darini isiyozunguka, karani mwenye mafua. Watoto waliachwa ukumbini pamoja na mlezi wa makao. Bibi Somoe alivaa doti mpya ya khanga, bado ina ukakasi wa dukani. Alimshika Klara mkono, wakaingia pamoja.

Jaji alikuwa mtu mzima, miwani mizito, sauti ya taratibu. Aliuliza yake, Melkiori akajibu yake, mambo yakaenda upesi kuliko alivyotazamia Klara. Kisha jaji akamgeukia Bibi.

"Bibi, unakubali wajukuu wako wawe watoto wa kupanga wa mama huyu?"

"Nakubali, mwanangu. Apange tu."

Halafu akamwinamia Klara kumnong'oneza, lakini ule ulikuwa mnong'ono wa shamba, hata karani aliusikia.

"Kumbe mjini ndivyo mnavyosema? Kupanga! Neno zuri. Mpangaji siku ya kuhama si huacha ufunguo?"

Karani alicheka, akasingizia mafua. Jaji akadhani ni utani wa wazee, akachukua kalamu.

Klara alitazama ile kalamu. Nyamaza, alijiambia. Kidogo tu. Nyamaza.

Bibi Somoe akampigapiga mkono kwa upole.

"Mungu akulipe, mwanangu. Umenifanyia wema mkubwa. Siku hizi wako watu wanaiba watoto wa wenzao."

Ikawa basi.

"Mheshimiwa, ngoja!" Klara alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Haelewi! Bibi haelewi!"

Melkiori alimkanyaga mguu chini ya meza. Klara akauchomoa.

"Bibi." Kiswahili chake cha darasani chote kilimkimbia, yakabaki maneno machache, makavu. "Bibi, mimi sikulelei. Mimi nachukua. Sitawarudisha. Kitwana hatakuja jandoni. Zamzam hutamcheza. Watabeba jina la mume wangu. Watasahau Kiswahili. Siku ukifa, hawatakuja kukuzika."

Nje, gari lilipiga honi.

"Rudia," alisema Bibi Somoe.

Klara alirudia, kila neno, na mara ya pili yalikuwa mabaya zaidi.

"Nani aliniambia ni kulea?"

"Mimi, Bibi. Neno nililileta mimi. Sikujua. Jana nikajua, na jana hiyo hiyo nikaamua ninyamaze."

"Sasa kwa nini hukunyamaza? Mzee wa watu ameshashika kalamu."

"Kwa sababu umenishukuru."

Bibi alijifunika uso kwa khanga yake mpya. Mabega yalimtikisika. Alimlilia marehemu binti yake, aliwalilia wajukuu, na nadhani alijililia mwenyewe kwa kuwa alitoka Nachingwea anaimba. Klara hakuthubutu kumgusa. Melkiori alitazama dari kama mtu anayetafuta nyoka.

Jaji alingoja mpaka khanga iliposhuka.

"Bibi, sasa umeelewa. Nakuuliza upya. Unakubali, au hukubali?"

"Mimi?" Bibi alipangusa pua. "Baba, mimi nilikuja kumwitikia mlezi tu. Kuwatoa watoto moja kwa moja si kazi yangu. Watoto wana mjomba."

Melkiori aliruka kama aliyekalia kaa la moto.

"Mjomba gani? Ulituambia hawana mtu!"

"Mliniuliza baba, nikasema alikufa. Mkaniuliza mama, nikasema nimemzika kwa mikono yangu. Mjomba hamkuuliza."

Ni kweli hawakuuliza. Nani angeuliza? Melkiori ni mtu wa Kilimanjaro, kwao mtoto ni wa ukoo wa baba, na baba akifa hutafutwa ndugu zake wa kiume. Klara ni wa Detroit, kwao mjomba huja Krismasi na zawadi, akala, akaondoka. Lakini kwa watu wengi wa kusini wa kina Bibi Somoe, mjomba ndiye mwenye neno. Mtoto haposwi, hapelekwi jandoni wala hatolewi bila yeye. Jambo hili huko hata mbuzi wanalijua, na ndiyo maana Bibi hakuona haja ya kulisema.

"Huyo mjomba yuko wapi?" jaji aliuliza.

"Nje, kwenye ngazi. Nililala kwa jirani yake mtaa wa Gerezani, nikamweleza habari za mlezi. Akasema atakuja, ila hapandi mpaka aitwe."

"Aitwe!"

Mlango ulifunguliwa. Aliingia mwanamume wa makamo, sura ya bwanyenye lakini ovaroli la karakana ya reli limejaa grisi. Watoto walikuwa wamemfuata kwenye ngazi: Kitwana alikuwa kamshika mkono wa kushoto. Begani kwake alilala Zamzam, usingizi mzito, mate yakimchuruzika kwenye kola yake. Klara aliona wivu. Zamzam huyu huyu, kwake yeye, ilichukua miezi kabla hajakubali hata kupakatwa.

"Jina lako?"

"Uwesu, mheshimiwa. Mama yao ni dada yangu, tumbo moja."

"Kwa nini uliwaacha watoto wa dada yako makaoni?"

"Nalala chumba kimoja na wanaume wenzangu wa karakana. Nimwoshe Zamzam wapi? Nilisema wakae makaoni nikitafuta chumba. Sikuwatupa." Akamgeukia Klara, na kwa mara ya kwanza wakatazamana. "Dada, mimi nakujua. Jumapili mkija Mnazi Mmoja, mimi hukaa upande wa pili. Nimekuona unavyowamenyea machungwa. Sijakuona unapiga mtoto kofi."

"Mbona hukuja kutusalimu?"

"Nilidhani wewe ni wa makaoni, sikutaka kukuingilia kazi. Jana mama aliponiambia mahakama, nikashangaa. Kulea kunataka mahakama ya nini? Nikajua hapa pana jambo."

"Kwa hiyo, Bwana Uwesu," jaji aliuliza, "wewe unakataa?"

"Sikatai, mheshimiwa. Ningekataa ningekuwa mchoyo, maana sina cha kuwapa kama alichonacho huyu." Alimhamisha Zamzam bega la pili. "Dada, lea. Lakini lea hapa."

"Hapa?"

"Hapa hapa Dar. Bibi yao awaone. Jandoni na unyagoni waende. Mimi nije Jumapili niwanunulie andazi. Ukiwa hapa, wakuite mama, nami sitasema kitu mpaka naingia kaburini. Ukipanda ndege, panda peke yako."

"Mheshimiwa!" Melkiori alikatiza. "Mama huyu ana mume Marekani! Ana nyumba, ana kazi! Hilo sharti gani?"

Jaji aliinua kiganja, akavua miwani.

"Mama Klara, umesema kweli mahali ambapo kunyamaza kungekufaa. Nami sitakuhukumu upesi. Lakini bila neno la mjomba huyu sisaini kitu leo. Umesikia alichosema. Unajibu nini?"

Klara alimfikiria Wilbert. Wilbert aliyepaka rangi chumba cha watoto kwa mkono wake mwenyewe. Wilbert aliyeipenda Afrika kwa moyo wote, kwenye picha, na aliyemwambia waziwazi uwanja wa ndege: nenda kawalete, lakini kuishi huko usiniombe, sitaweza. Ndoa yao ilikuwa nzuri. Hakuna ubaya wowote alioweza kumsingizia mumewe ili jibu liwe rahisi.

Akamtazama Kitwana. Kitwana alikuwa ameachia mkono wa mjomba wake, amepiga hatua kumjia, kisha akasita katikati ya chumba, hajui aende mbele au arudi nyuma. Mtoto wa umri ule hastahili kusimamishwa mahali pale.

"Ninabaki," alisema Klara.

Kigelegele cha Bibi Somoe kilimwamsha Zamzam, karani akapaliwa. Uwesu aliinamisha uso, akawa anaangalia viatu vyake. Melkiori alishika kichwa kwa mikono miwili. Na Klara alipopiga magoti kumpokea Kitwana, alijua amejibu kwa niaba ya mtu ambaye hayupo.

Hayupo? Laiti angejua!

Saa ile ile, ndege kutoka Ulaya ilikuwa imeshatua Dar es Salaam, na abiria wamepanga mstari mbele ya meza ya forodha, wanajipepea. Mmoja wao alikuwa mwanamume mrefu mweusi, fundi wa kiwanda cha magari, aliyeomba likizo kimyakimya ili amshtukize mkewe siku yake ya furaha. Ofisa alifungua sanduku lake, akatoa makoti mawili ya baridi, mazito, madogo, jipya kila moja. Akayainua juu wenzake wayaone, wote wakacheka.

"Ya nini haya, bwana, na joto lote hili?"

"Ya wanangu," alijibu Wilbert kwa Kiingereza, naye akacheka pamoja nao. "Kesho nawapeleka nyumbani."